Maswali na Majibu: Tanzania na Ujerumani, kati ya misaada na madai

Maswali tuliyoyachagua safari hii yanahusu nchi moja tu, Ujerumani, ambayo katika historia yetu imewahi kuwa mtawala, baadaye ikawa wahisani wawili waliokuwa wakigombana, na sasa ni mshirika wa maendeleo ambaye pia anadaiwa. Baadhi ya waulizaji waliandika kwa kirefu na kwa hasira. Tumezifupisha barua zao bila kuondoa kiini cha swali.

Mwanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, anauliza: Mhadhiri wetu alisema kwamba mwaka 1965 Mwalimu Nyerere aliifukuza Ujerumani Magharibi pamoja na misaada yake. Mwenzangu anashikilia kwamba Wajerumani ndio waliokata misaada. Ukweli ni upi, na je, uhusiano wa kibalozi ulivunjika?

Nyote wawili mna sehemu ya ukweli, na kinachoamua ni mfuatano wa matukio.

Jambo lilianzia Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali mpya iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja, wa kwanza kwake katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi. Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Jamhuri ya Muungano ilijikuta imerithi Wajerumani wa pande zote mbili, hali ambayo serikali ya Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, haikuwa tayari kuivumilia. Tangu mwaka 1955 Bonn ilifuata kanuni iliyopewa jina la Walter Hallstein, mmoja wa wakuu wa wizara yake ya mambo ya nje, ambayo iliihesabu hatua ya nchi yoyote ya tatu kuitambua Ujerumani Mashariki kuwa kitendo kisicho cha kirafiki. Hayakuwa maneno matupu, kwa kuwa Yugoslavia ilivunjiwa uhusiano mwaka 1957 na Kuba mwaka 1963 kwa sababu hiyohiyo.

Kwa miezi mingi Nyerere alitafuta njia ya katikati, huku Karume akikataa kuwaacha marafiki waliomjia mapema na Bonn ikikataa kuiona bendera ya Berlin Mashariki mahali popote ndani ya Muungano. Februari 1965 serikali ilitangaza uamuzi wake kwamba ubalozi wa Unguja usingeendelea kuwa na hadhi ya ubalozi, na kwamba Ujerumani Mashariki ingeruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo mkuu mjini Dar es Salaam bila kutambuliwa kuwa dola. Katika taratibu za kimataifa tofauti hiyo ina uzito wake, kwa sababu ubalozi kamili huiwakilisha dola mbele ya dola nyingine, ilhali ubalozi mdogo hushughulikia zaidi biashara, viza na mambo ya raia. Zaidi ya hayo, Bonn ilikuwa imekwisha kuuvumilia mpango wa aina hiyo mjini Cairo kwa miaka kadhaa. Bahati mbaya ni kwamba wakati huohuo Rais Nasser alikuwa amemwalika Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, kuzuru Misri, na Bonn ikaingiwa na hofu kwamba kanuni yake ilikuwa inabomoka. Ilikuwa vigumu kuiadhibu Misri, nchi kubwa yenye uzito katika ulimwengu wa Kiarabu. Tanzania ilikuwa rahisi zaidi.

Adhabu ilianzia jeshini. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 serikali ilikuwa ikijenga jeshi jipya, na Ujerumani Magharibi ilikuwa imekubali kuwafunza wanajeshi wake wa anga na wa majini. Bonn iliwaondoa wakufunzi hao kwa ghafla, ikadokeza kwamba misaada mingine nayo ilikuwa mashakani. Hapo ndipo Nyerere alipochukua hatua ambayo mhadhiri wenu anaikumbuka, akaomba misaada yote iliyobaki ya serikali ya Bonn isitishwe, kwa hoja kwamba msaada unaotumiwa kuiamulia nchi marafiki zake haustahili kupokelewa. Kwa hiyo Wajerumani walikata sehemu, na Tanzania ikakataa kilichobaki.

Uhusiano wa kibalozi haukuvunjika, na hili watu wengi hulichanganya na tukio la Desemba mwaka huohuo, pale Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia na kuukosa mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa. Hayo ni matukio mawili katika mwaka mmoja, na yote mawili yaligharimu. Sioni sababu ya kuyasimulia kana kwamba hayakuuma, maana mafunzo ya wanajeshi wa anga yaliendelea kwa sababu tu Kanada, ambayo tayari ilikuwa ikilisaidia jeshi jipya, ilikubali kuubeba mzigo huo pia. Asiye na mlango wa pili wa kubisha hodi hawezi kukataa kwa sauti kubwa kiasi hicho, na mwaka 1965 milango ya namna hiyo ilikuwepo Ottawa, Peking na katika nchi za Skandinavia.

Msomaji wa Unguja: Nilizaliwa katika nyumba za maendeleo. Tumekuwa tukiambiwa kwamba Wajerumani walituzawadia. Je, Ujerumani Mashariki ilipata nini?

Ilipata kile ilichokitafuta kuliko fedha, yaani kuonekana kuwa dola. Katika miaka ya 1960 serikali ya Berlin Mashariki ilikuwa haitambuliwi na nchi nyingi nje ya kambi ya kisoshalisti, hivyo bendera yake kupepea Unguja ilikuwa na thamani kubwa kwake. Nyumba za ghorofa za Kikwajuni, pamoja na walimu, madaktari na wataalamu waliofuatana nazo, zilikuwa sehemu ya juhudi ya kuonyesha kwamba mfumo wao unaweza kumjengea Mwafrika makazi ya kisasa kwa haraka. Mpango wa Michenzani, wenye majumba marefu yaliyopangwa kufuata barabara mbili zinazokatana, nao ulichorwa kwa msaada wa mtaalamu wao, lakini sehemu kubwa ya ujenzi ilifanywa na Wazanzibari wenyewe katika miaka ya 1970, kwa nguvu zao, nyingine zikiwa za kujitolea. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba majumba yote ni zawadi, kwani wazee wako waliyatolea jasho.

Ni haki pia kusema kwamba msaada huo haukuwa wa matofali peke yake. Ujerumani Mashariki ilisaidia kufunza vyombo vya usalama vya Zanzibar, na wapo waliopitia mikononi mwa vyombo hivyo ambao hawana sababu ya kuishukuru.

Msimamo wa Bonn ulilegea kidogo kidogo. Willy Brandt alipoingia wizara ya mambo ya nje mwishoni mwa 1966, na hasa alipokuwa kansela mwaka 1969, kanuni ya Hallstein iliachwa ife kimyakimya. Tanzania iliitambua rasmi Ujerumani Mashariki mwishoni mwa 1972, wakati Wajerumani wenyewe walipokuwa wakitia saini mkataba wa kutambuana, na mwaka 1973 dola zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa kwa pamoja. Jambo lililotugharimu mwaka 1965 lilikuwa la kawaida miaka minane baadaye.

Mkulima, Lushoto: Kama misaada ilikataliwa, mbona huku Usambara nimekua nikiwaona wataalamu wa Kijerumani miaka yote?

Kwa sababu ugomvi ulikwisha, na kwa sababu si misaada yote iliyotoka kwa serikali. Makanisa yana njia zake. Shirika la Kikatoliki la Misereor lilianzishwa mwaka 1958 na lile la Kiprotestanti, Brot für die Welt, mwaka 1959, na Hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha zilizopitia Misereor.

Kuhusu serikali, mwaka 1972 Tanzania ilianza utaratibu wa madaraka mikoani, na mikoa ikaanza kupata wafadhili wake. Rukwa ilishughulikiwa na Norwei, Kigoma na Benki ya Dunia, Mtwara na Lindi na Ufini, na Tanga ikaangukia kwa Ujerumani Magharibi, kupitia mpango wa maendeleo ya mkoa uliojulikana kwa kifupi TIRDEP. Wapo waliosema kwa kejeli kwamba nchi iliyokataa kugawanywa na wakubwa ilikuwa imejigawa yenyewe kwa hiari, na kejeli hiyo haikuwa bila msingi, kwa kuwa mkoa uliopata mfadhili mwenye bidii ulipata magari, vipuri na wataalamu, ilhali jirani yake ulisubiri. Mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, ulioanza huko kwenu Lushoto mwaka 1981, ndio unaokumbukwa zaidi na wakulima, na naamini unazifahamu zile safu za majani ya guatemala na miti ya mgrevilea iliyopandwa kukinga udongo kwenye miteremko, pamoja na msisitizo wa kufugia ng'ombe bandani.

Kwa maoni yangu, mradi kama huo hupimwa vizuri baada ya magari kuondoka. Mahali ambapo mkulima aliona kwamba majani yale ni malisho ya ng'ombe wake, aliyatunza. Pale alipoyaona kuwa ni matuta ya mradi, yalibomoka pamoja na mradi.

Msomaji wa Morogoro: Naomba kufahamishwa tofauti kati ya ubalozi, GIZ na KfW, na ni ofisi ipi inayopokea maombi ya msaada.

Ubalozi unaiwakilisha serikali ya Ujerumani na kusimamia uhusiano wa kisiasa. Sera na fedha za misaada hutoka katika wizara ya ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliyoundwa mwaka 1961. Mtekelezaji wa msaada wa kitaalamu ni GIZ, kampuni inayomilikiwa na serikali ya shirikisho na iliyoanza kwa jina hilo mwaka 2011 kwa kuunganisha mashirika matatu, likiwemo GTZ ambalo wazee wanalikumbuka. KfW ni benki ya umma yenye makao yake Frankfurt, na kazi yake ni kupitisha fedha za miundombinu, kama vile mifumo ya maji. Taasisi za vyama vya siasa, kama Friedrich Ebert na Konrad Adenauer, ni jambo jingine kabisa, ingawa nazo hutumia fedha za umma.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayompa mtu binafsi fedha za kuanzisha duka. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuuliza ubalozini kuhusu miradi midogo ya kijamii, na anayetafuta ufadhili wa masomo aende DAAD, shirika la Kijerumani linalotoa ufadhili huo.

Mtumishi wa umma, Dodoma: Kwa nini wafadhili hawaingizi fedha Hazina na kuiachia serikali ipange matumizi? Je, si dharau kwa nchi huru kuwekewa wataalamu kila wizara?

Swali hili limewahi kujibiwa kwa vitendo. Mwanzoni mwa karne hii, baada ya nchi kupata msamaha mkubwa wa madeni mwaka 2001, wafadhili kadhaa wakubwa walikubali kuichangia bajeti moja kwa moja, fedha zikiingia mfuko mkuu na kutumika kwa taratibu za Bunge letu. Hoja yao ilikuwa nzuri, kwamba utitiri wa miradi humfanya katibu mkuu awe mwenyeji wa wageni kutwa nzima, na kila mgeni ana fomu zake, gari lake na ripoti yake. Ubaya wa utaratibu huo ulionekana Oktoba 2014, pale sakata la tuhuma za ufisadi katika akaunti ya Tegeta Escrow lilipowafanya wafadhili wa bajeti kuzuia karibu dola nusu bilioni kwa mkupuo. Fedha za mradi mmoja zikizuiwa, unasimama mradi mmoja. Zikizuiwa za bajeti, Hazina nzima inatikisika, na anayeumia kwanza ni mtu wa zahanati asiyejua hata akaunti hiyo ilifunguliwa benki gani.

Ujerumani kwa desturi imeegemea miradi na programu za sekta, hasa maji, afya na hifadhi ya maliasili, na mambo hayo hukubaliwa katika mazungumzo rasmi ya serikali hizo mbili. Hapo ndipo pa kutazama kuhusu dharau uliyoitaja. Serikali inayokwenda mezani ikiwa na mpango wake, uliokwisha kupangiwa fedha zake yenyewe hata kama ni kidogo, huzungumza kwa namna moja, na ile inayokwenda kuuliza mfadhili ana nini safari hii huzungumza kwa namna nyingine, na mtaalamu wa kigeni anayewekwa wizarani kwa kawaida ni matokeo ya mkutano wa namna ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo watumishi wenzako hawalisemi sana. Ujerumani iliamua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuzipa nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo ruzuku badala ya mikopo. Tanzania bado imo katika orodha hiyo ya Umoja wa Mataifa, ingawa tangu Julai 2020 Benki ya Dunia imeiweka katika kundi la nchi zenye kipato cha kati cha chini. Siku tutakapotoka katika orodha hiyo tutashangilia, na ni haki yetu, lakini masharti ya fedha za kigeni hayatabaki yaleyale, na ingefaa wizara zianze kufanya hesabu hiyo mapema.

Msomaji wa Kigoma: Wajerumani walitujengea reli ya kati na meli ya Liemba, na vyote vimedumu kwa zaidi ya miaka 100. Je, huo si msaada mkubwa kuliko miradi yote ya leo?

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuunganishwa upya kwenu Kigoma. Ubora wa kazi haupingiki. Lakini msaada ni kitu anachopewa mtu kwa ridhaa yake, na reli ile ilijengwa ili kutoa mazao na kupeleka askari, kwa jasho la Waafrika ambao wengi wao walisukumwa kazini na kodi ya kichwa na nyumba. Meli nayo haikuitwa Liemba. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyekuwa akitawala wakati wa Vita vya Maji Maji, na iliwekwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza kabla ya Wajerumani wenyewe kuizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuipa jina la sasa mwaka 1927. Itumieni na kuitunza bila kuona kwamba mnadaiwa shukrani na mtu yeyote.

Msomaji wa Songea: Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja hapa kwetu akaomba msamaha. Tangu hapo tunasikia habari za miradi na makumbusho. Fidia iko wapi? Au msamaha wenyewe ndio mwisho?

Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Makumbusho ya Maji Maji tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 pamoja na wenzake wengi, akasema kwamba anaona aibu na akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zenu. Siku moja kabla, mjini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amesema kwamba Tanzania iko tayari kufungua mazungumzo kuhusu urithi wa ukoloni. Hayo mawili yasitenganishwe, kwa sababu la kwanza ni tamko na la pili ni mwaliko wa kulifanyia kazi tamko hilo.

Tamko la rais lina uzito gani? Nchini Ujerumani rais ni mkuu wa dola na sauti ya heshima ya taifa, lakini serikali inaongozwa na kansela, na fedha zinapitishwa na Bunge lao. Rais anapoomba msamaha, dola imesikika ikikiri kosa la kimaadili. Haijakiri deni la kisheria, na wanasheria wa serikali hiyo huchagua maneno kwa uangalifu ili mpaka huo usivukwe. Msimamo wao, kama ulivyoonekana katika suala la Namibia, ni kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 kuhusu mauaji ya kimbari hauwezi kutumika kwa matendo yaliyofanyika kabla yake.

Namibia ndiyo mfano wa karibu, na kila Mtanzania anayelifuatilia jambo hili angefanya vyema kuusoma. Baada ya mazungumzo yaliyoanza mwaka 2015, serikali hizo mbili zilikubaliana Mei 2021 juu ya tamko la pamoja, ambamo Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya Waherero na Wanama ya 1904 hadi 1908 kuwa ni mauaji ya kimbari kwa mtazamo wa leo, na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30. Fedha hizo zilielezwa kuwa za ujenzi mpya na maendeleo, na neno fidia likaepukwa. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walilikataa tamko hilo, wakisema kwamba hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba maendeleo ni jambo ambalo Ujerumani ingelifadhili hata kama mababu zao wasingeuawa.

Hoja yao ndiyo ninayoiunga mkono kwa upande wetu. Ujerumani imekuwa ikitoa fedha za maji na afya kwa miongo mingi, kabla ya yeyote kutamka neno msamaha, na itazitoa kwa mikoa ambayo haikuiona vita hiyo. Kuwepo kwa daftari la misaada kusitumike kufuta daftari la madai. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambako watu walichoshwa na kulazimishwa kulima pamba, vikaenea kusini yote, na jeshi la Wajerumani likavizima kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala hadi njaa ikamaliza kile ambacho risasi ilikibakiza. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufikia 300,000. Ukubwa wa jambo hilo hauwezi kulipwa kwa kisima kilichokuwa kimekwisha kupangwa, kikabandikwa kibao kipya.

Sisemi kwamba fidia ya fedha kwa kila ukoo inawezekana au ndiyo iliyo bora, maana hata kuamua nani ni mzao na nani si mzao kutazua ugomvi katika familia. Ninachosema ni kwamba mazungumzo, yakifanyika, yawe na meza yake, yasiwe kifungu ndani ya mazungumzo ya misaada, na wazee wa Songea, Kilwa, Liwale na Mahenge waketi mezani tangu siku ya kwanza, si kuitwa siku ya kutia saini ili kupigwa picha. Tofauti hiyo ndiyo iliyolifikisha tamko la Namibia katika mgogoro.

Msomaji wa Moshi: Mafuvu ya babu zetu yanapimwa Berlin. Je, serikali inaweza kuyadai kisheria?

Inaweza kuyadai kidiplomasia, na kuna mfano wa kale uliofanikiwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Ilichukua hadi mwaka 1954 kwa Gavana Edward Twining kulirudisha kutoka katika mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen, na sasa limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa. Ni ibara moja tu ndani ya mkataba uliomaliza vita vya dunia, na bado utekelezaji wake ulihitaji miaka 35.

Kwa sasa kinachosaidia zaidi ni sayansi. Septemba 2023 Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, iliyoko Berlin, ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai nchini Tanzania, na mmoja wa marehemu hao ametambuliwa kuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, halikuwa miongoni mwa hayo matatu. Familia yenye kumbukumbu za kuaminika ipeleke maelezo yake kwa maandishi kwa wizara inayohusika na malikale na kubaki na nakala, kwa kuwa taasisi za Kijerumani hupendelea kushughulika na ombi lililopitia serikalini.

Mtanzania anayeishi Hamburg: Wafanyakazi wenzangu hapa wanalalamika kwamba kodi yao inaishia Afrika. Niwajibu nini?

Wajibu kwa takwimu zao wenyewe. Lengo lililowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970 ni asilimia 0.7 ya pato la taifa, na Ujerumani ililifikia kwa mara ya kwanza mwaka 2016, tena kwa kuhesabu gharama za kuwahudumia wakimbizi ndani ya Ujerumani kwenyewe. Kwa hiyo sehemu ya huo msaada haikuwahi kupanda ndege. Ukiona wanasikiliza, waeleze pia mishahara ya wataalamu na faida ya makampuni yanayouza mitambo kwa ajili ya miradi.

Mwalimu, Lindi: Wanafunzi wangu wanauliza lini mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru itarudi.

Hakuna tarehe. Mifupa hiyo ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa huko kwenu, chini ya msimamizi mahiri Boheti bin Amrani, ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa Berlin, ambako mjusi mmoja wao, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, anasimama katika makumbusho ya elimu ya viumbe tangu mwaka 1937. Suala la kumrudisha limewahi kuzungumzwa bungeni, na mjadala mara nyingi umekwama kwenye gharama ya jengo la kumhifadhi na namna ya kuisafirisha mifupa bila kuivunja. Waambie wanafunzi wako jambo moja ambalo halimo katika mijadala hiyo. Baada ya Ujerumani kugawanywa, makumbusho hayo yaliangukia upande wa mashariki wa Berlin, kwa hiyo katika ugomvi wote wa mwaka 1965, wakati Tanzania ilipokuwa ikikosa misaada ya Bonn kwa ajili ya Ujerumani Mashariki, mjusi wa Lindi alikuwa mikononi mwa hao rafiki zetu.